Mche Ukishapandwa, Nani Ataumwagilia?



Mfunguo Mosi ukiandama, harusi hufuatana kama mvua za masika. Na siku hizi, baina ya picha za hina na picha za keki, inaingia picha nyingine: biharusi na bwana harusi wameshika mche, mikono ina udongo kidogo, wanacheka. Skuli zina siku zao za kupanda miti, maofisi yana zao, na vikundi vya kina mama vina zao. Sisi hatuna neno na picha hiyo. Tunaipenda. Swali letu ni la siku ya pili yake, na ya tatu, na la mwezi wa Januari, jua la kaskazi linapopiga mawe ya uwandani mpaka nyayo zikaungua: mche ule, nani anaumwagilia?

Maoni yetu ni haya, na tunayasema mapema ili asiyekubaliana nayo ajue pa kuanzia kutujibu. Visiwani kwetu hatuna upungufu wa wapandaji. Tuna upungufu wa watunzaji. Na wale wanaotunza, ambao wengi tunaowajua ni wanawake wa vijijini wanaofanya lillahi, tumewaachia mzigo wa watu wote na tunawalipa makofi. Dada anayetaka sadaka yenye kuendelea kutoka kwenye harusi yake asituulize wapi pa kupanda mti. Aulize ni nani anayeutunza msitu, na amsaidieje.

Msitu wenyewe ni upi?

Tukisema msitu hapa Zanzibar, wengi wetu tunafikiria Jozani peke yake, tuliopelekwa na skuli tukarudi tumechoka. Jozani ni hazina yetu, hatulipingi hilo. Pamoja na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Lakini nje ya mipaka ile kuna misitu mingine ambayo haina geti wala tiketi: vichaka vya maweni nyuma ya vijiji, mikoko ya ghubani, miti mikubwa iliyoachwa kwenye makaburi ya wazee. Sheria yetu ya misitu, namba 10 ya mwaka 1996, imefungua mlango kwa vijiji kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao wenyewe. Tangu hapo shehia nyingi za Unguja na Pemba zimeunda kamati, zimechora mipaka, na zimegawa msitu: hapa paachwe kabisa, hapa pachukuliwe kuni kwa utaratibu.

Na ndani ya misitu hiyo wamo viumbe ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka popote pengine duniani. Kima punju ni wa Unguja. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 iliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800, na si wote wanaoishi ndani ya hifadhi. Wengine wanategemea vichaka vya vijiji na miembe na mikungu ya watu. Kwa hiyo uhai wao haumo mikononi mwa askari wa misitu peke yao. Umo mikononi mwa majirani.

Pemba nako kuna popo wakubwa wanaokula matunda, ambao bawa hadi bawa wanafika kiasi cha mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa mpaka wakabaki wachache wa kuhesabika. Mwaka 1996 waliandikwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kilichowaokoa ni watu wa vijiji. Viliundwa vikundi, watu wakakubaliana kuacha kuwapiga, miti wanayolalia ikalindwa, na kule Kidike, si mbali na Chake Chake, wanakijiji wakaanza kupokea wageni wanaokuja kuwatazama. Ilipofika miaka ya 2000 waliohesabiwa walikuwa wamevuka 20,000, na mwaka 2008 wakashushwa ngazi kwenye orodha ile ya hatari. Dada zetu, ni mara chache duniani mtu kupata habari kama hii. Na imetoka Pemba, kwa watu ambao majina yao hayajaandikwa popote.

Najua, najua, wako watakaosema tunamsifu popo wakati popo ana mkosi. Tuseme sisi sote kwa pamoja: Mtume wetu (SAW) ametukataza kuamini mikosi ya ndege na wanyama. Popo hana mkosi. Ana kazi. Anakula tunda hapa, anaidondosha mbegu kule, na huo ndio upandaji wa miti usiohitaji hotuba wala mgeni rasmi. Asishikwe kwa mkono tu, kwa sababu za afya, na aachwe alale mchana.

Kutunza ni ibada isiyopigwa picha

Wengi tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kila kitakachokula hapo, awe mtu, ndege au mnyama, huandikwa kuwa ni sadaka yake. Tunaisoma kwenye mabango siku za upandaji miti. Tukiitazama vizuri, sadaka imefungwa na kule kuliwa. Mche uliokauka wiki ya tatu haujalisha hata chungu. Nia ya mpandaji ina malipo yake kwa Mola wake na sisi hatuna mamlaka ya kuipima. Lakini ndege, mnyama na mtu waliotajwa mle bado wanasubiri tunda.

Kuna hadithi nyingine tunayoipenda zaidi kwa jambo hili, nayo haikuhusu miti. Alikuwapo mwanamke Madina akifagia msikiti. Akafariki, Masahaba wakamzika bila ya kumwarifu Mtume (SAW), kana kwamba jambo lake ni dogo. Alipomkosa akamuulizia, na alipoambiwa hakuridhika, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Hakujenga msikiti, hakutoa fedha. Aliokota vijitaka, siku baada ya siku. Dini yetu imeliweka jina la kazi yake mpaka leo ili tujue kwamba kuweka kitu kikaendelea kuwa safi na hai ni daraja kubwa, hata kama jana yake hakuna aliyekuona.

Mtunzaji wa miche ni dada wa mwanamke yule. Hebu tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu hatuijui.

Inaanza kitaluni. Udongo unachekechwa, unachanganywa na samadi, unajazwa kwenye viriba kimoja kimoja. Mbegu zinatiwa, zinafunikwa kivuli cha makuti, zinamwagiliwa asubuhi na jioni. Miche ikishika nguvu, makuti yanapunguzwa kidogo kidogo ili izoee jua, maana mche uliotolewa kivulini ukapelekwa maweni siku hiyo hiyo huungua. Masika yakianza, unapandwa. Hapo ndipo wageni wanapokuja na kofia zao, na hapo ndipo wanapoondoka.

Yanayofuata hayana wageni. Ardhi ya maweni ni mifuko midogo ya udongo baina ya mawe, maji yakimwagwa hupotea chini upesi. Tupige hesabu ndogo. Miche 200, kila mmoja ukipata lita 2 tu, ni lita 400. Hayo ni madumu 20 ya lita 20. Asiye na gari wala punda anabeba moja kichwani, kwa hiyo ni safari 20, na siku chache baadaye ni safari 20 nyingine. Kisha kuna palizi, kuna matandazo ya majani makavu kuhifadhi unyevu, kuna mbuzi wa jirani, kuna moto wa anayesafisha shamba lake ukakimbilia msituni. Kuna kuzunguka kutafuta mitego ya waya iliyotegewa paa ikamnasa kila kinachopita. Kwenye mikoko kuna matope ya magotini na maji yanayoondoka na miche iliyochomekwa jana.

Biharusi, usione vyaelea, vimeundwa. Asumini ya kikuba chako ilichumwa mtini. Kilua ni ua la mti. Hina ni majani ya mhina, karafuu ya singo ni tumba la ua ambalo halijachanua, mlangilangi ni mti, na mkeka utakaokaliwa siku ya nikahi ni ukindu uliochanwa, ukatiwa rangi, ukasukwa na mwanamke. Ukitolewa mti kwenye harusi ya Kizanzibari kinabaki kitambaa na umeme. Basi usijione kwamba habari za msitu ni za watu wa mazingira. Ni habari zako.

"Watu wana njaa, nyinyi mwasema kima"

Hoja hii tunaisikia sana na tunaiheshimu, kwa sababu anayeisema mara nyingi ni mkulima. Kima anaingia shambani. Popo anakula maembe na mashelisheli. Jina lenyewe la kima punju ni lawama, kwani punju ni sumu, na wazee wakiamini kwamba mti aliokula hufa. Mwanamke aliyelima peke yake, na mume yuko baharini, akikuta vidaka vimeangushwa chini ya mnazi wake ana haki ya kukasirika, na haitoshi kumsomea hadithi.

Tuna majibu mawili. La kwanza ni kwamba hasara ipimwe, isikisiwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulifuatilia minazi ya karibu na Jozani ambayo kima wanaila, na ukakuta kwamba mavuno ya mwisho hayakupungua kwa ajili yao. Kima hula vidaka vichanga, na mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi ambavyo hauwezi kuvikuza. Hiyo haina maana kwamba mkulima wa muhogo hapati hasara. Ina maana kwamba kila zao lihesabiwe lenyewe. Kima huyo huyo anayelaumiwa ana mambo ya kushangaza: watafiti waliwaona wakila mkaa, na wanaona kwamba unawasaidia tumboni kuzuia ukali wa majani ya mwembe na mkungu. Subhanallah, nani kamfundisha?

Jibu la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la haki. Mradi mmoja wa misitu ya jamii ulioanza hapa kwetu mwaka 2010 ulipewa jina la HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili. Jina hilo lina bahati njema, kwa sababu kwa Kiarabu hima ni ardhi iliyohifadhiwa, na Mtume (SAW) mwenyewe aliweka hima. Sayyidna Umar (RA) alipomteua mtu wa kuisimamia hima katika zama zake, alimpa wasia uliomo kwenye Sahihi Bukhari: awe mpole kwa watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa, amruhusu kuingia mwenye kondoo wachache na ngamia wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya matajiri kama Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan, kwa sababu tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kumtegemeza, na maskini hana.

Huo ndio mzani wetu. Hifadhi inayomzuia bibi kizee kuokota kuni kavu, huku lori la magogo linapita usiku, si hima ya Umar. Kwa hiyo tunaunga mkono mikataba ya vijiji inayoacha eneo la matumizi, tunaunga mkono sehemu ya fedha za wageni wa Jozani kurudi kwa vijiji na wakulima wanaoizunguka, na tunataka hesabu ya fedha hizo isomwe mbele ya wanawake pia, kwa lugha ya kueleweka, si ibandikwe ukutani.

Kujitolea si kutumikishwa

Hapa tunawasemea wenzetu, na pengine tutawaudhi baadhi ya kina baba. Katika vikundi tunavyovijua, anayebeba dumu ni mwanamke, na anayekwenda kwenye semina yenye posho ni mwanamme. Jina lake liko kwenye kamati, hajui kiriba kinajazwa vipi. Mwanamke akiuliza, anaambiwa: "Si ulisema unafanya kwa ajili ya Mungu, bibi?"

Naam, alisema. Lakini ikhlasi yake ni baina yake na Mola wake, haikupewa mtu mwingine awe mtaji wake. Anayefanya lillahi hatakiwi anyimwe nauli, chai ya asubuhi, viatu vya mpira na glavu. Hatakiwi anyimwe sauti. Kikundi kikiuza miche au kikipokea wageni, fedha zigawiwe kwa aliyefanya kazi. Na kikao kipangwe saa ambayo mama mwenye mtoto anaweza kufika, si baada ya Isha kwenye baraza ya wanaume.

Kuna pia suala la stara, ambalo wengine hulitaja kama kizuizi. Jamani, mwanamke wa Kizanzibari hajaanza leo kuingia msituni. Ameingia kwa kuni, kwa dawa, kwa ukindu, kwa chaza na kwa mwani huko pwani, tangu hatujazaliwa. Leo akiingia kwa ajili ya kulinda ndiyo imekuwa aibu? Waende kwa makundi, wasiende mmoja mmoja. Wavae suruali pana ndani ya dera, buibui jeusi libakie nyumbani maana matope ya mikoko hayana adabu. Wachague kiongozi wao mwanamke. Swala ikifika wasimamishe kazi. Na mume mwema, kama alivyo radhi mkewe aende shughulini siku tatu mfululizo, awe radhi pia aende kitaluni asubuhi moja.

Basi biharusi afanye nini?

Hatutaki kumuongezea mtu gharama. Tunajua bei ya ukumbi, tunajua bei ya mchele. Haya tunayoyasema ni ya kuchagua, na mengine yanapunguza gharama badala ya kuongeza.

La kwanza, pandeni michache na mlipie utunzaji. Badala ya miche mia kwa picha moja, chukueni mitano kwenye kikundi cha kijiji mnachokijua, na mkubaliane nao kwa miaka mitatu: maji ya kiangazi, palizi, na mche utakaokufa upandwe mwingine. Fungu hilo litolewe kwenye vile vizawadi vya wageni vya plastiki ambavyo wiki ya pili tunavikuta kwenye mtaro. Ahadi ni deni, kwa hiyo iandikwe. Na chagueni mti kwa kuisikiliza ardhi. Kikundi kikisema hapa hautoki mwembe, ni mahali pa mti wa asili wa maweni, msilazimishe mwembe kwa sababu ya jina zuri kwenye kadi.

La pili, turudishe wakfu. Babu na bibi zetu waliweka wakfu minazi na mikarafuu kwa ajili ya misikiti, madrasa na mayatima. Hapa kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe hata kama ardhi ni ya mtu mwingine, na wazee walilitumia hilo vizuri. Hata mahari yamewahi kuwa bustani: mke wa Thabit bin Qays alipewa shamba na mumewe, na tunalijua kwa sababu ya kadhia yao iliyopokewa na Bukhari. Hatusemi muombe msitu. Tunasema mwari anayeulizwa mahari yake anaweza kutaja, pamoja na anayoyataka, miche kumi ya minazi au mikarafuu yenye kupandwa na kutunzwa. Ni mali halali, inakua, na siku akipenda anaweza kuiweka wakfu kwa jina la wazazi wake. Utaratibu wake aulize kwa masheikh na kwenye Kamisheni ya Wakfu, asiufanye kwa maneno ya mdomo yakaja kuzua ugomvi wa warithi.

La tatu, ulizeni kuni za pilau zimetoka wapi. Masufuria ya harusi ni makubwa na moto wake ni mkubwa. Kuni na mkaa vinavyokatwa bila ruhusa vinatoka huko huko ambako siku ya pili tunakwenda kupanda. Anayepanda miche mitano asubuhi na kuunguza kichaka kizima jioni amefanya biashara ya hasara. Mpishi aambiwe mapema, muuzaji aulizwe kibali, na idadi ya masufuria ifuate idadi ya wageni. Chakula kinachomwagwa ni kuni zilizomwagwa, na israfu tunajua dini yetu inasemaje juu yake.

La nne, mkienda Jozani au Kidike kupiga picha za harusi, nendeni kama wageni. Kima asilishwe keki wala ndizi, wala asivutwe mkia ili atazame kamera. Simameni mbali naye. Msirushe droni juu ya popo waliolala, maana wakishtuka mchana huruka ovyo na wenye watoto kifuani hutaabika. Mtume (SAW) alimuona ndege mdogo akihangaika juu ya makinda yake yaliyochukuliwa, akaamrisha arejeshewe watoto wake. Tunadhani lenzi ya kamera nayo inaweza kumhangaisha mzazi. Na mwambieni dereva wa msafara apunguze mwendo barabara ya Jozani. Matuta yale yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa, na msafara wa harusi unaopiga honi hauna udhuru wa kuyaruka.

La tano, na hili ni kwetu sote, walioolewa na wasioolewa: siku moja kwa mwezi. Siku moja tu. Kikundi cha mtaani kinachokwenda kusoma Maulidi pamoja, kinachochangiana upatu, kinachokwenda kutazama mgonjwa, hakishindwi kukodi daladala moja asubuhi kikaenda kubeba maji na wenzetu wa shamba. Penye miti hapana wajenzi, wahenga walisema. Mjini tuna mikono mingi na hatuna miti. Shamba wana miti na mikono imechoka. Tukikutana, kila mmoja amepata alichokosa. Na watoto wa kike wapelekwe pia, ili wajue jina la mkandaa na mchu na mkomafi kama wanavyojua majina ya vipodozi. Mtoto asiyejua jina la mti hatauliza siku ukikatwa.

Kwa nini tunalisema sasa

Kwa sababu miti haingoji. Mwari anayeolewa mwaka huu, Mungu akimjaalia, atakuwa na binti wa kumuoza baada ya miaka ishirini na kitu. Mti wa msitu unaopandwa mwaka huu nao ndipo utakapoanza kuwa mti wa maana. Umri wao ni mmoja. Binti tunamwekea nguo, vyombo na dhahabu tangu mdogo. Kivuli hakiwekwi kabatini, wala hakinunuliwi Darajani siku tatu kabla ya harusi.

Na kwa sababu tunaogopa jambo moja. Wale kina mama wa vitaluni wanazeeka. Mabinti zao wanakuja mjini kutafuta kazi za hoteli, na hatuwalaumu, maana waliwaona mama zao wakifanya kazi ya bure miaka kumi na tano na hawakuitwa hata kwenye mkutano mmoja wa maana. Kazi isiyoheshimiwa hairithiwi. Kima na popo na miche ile michanga haitakosa wa kuipigia picha. Itakosa wa kuamka alfajiri. Tukitaka mabinti washike madumu ya mama zao, tuwaonyeshe kwamba dumu lile lina heshima, lina sauti, na lina chakula ndani yake.

Tuanzie tulipo. Aliye shambani akitunze kitalu chake na adai haki yake bila ya woga. Aliye mjini aende akasaidie. Aliye na mali alipie maji ya kiangazi. Asiye na mali wala nafasi awaombee dua, na asiwaite wendawazimu wanaolinda popo.

Ewe Mola wetu, wabariki wanaowamwagilia maji viumbe Wako wasioweza kusema asante. Wape afya ya migongo yao, wape waume na watoto wenye kuwasaidia, na uijaalie kila jani linalochipua mikononi mwao liwe uzito kwenye mizani yao. Wabariki wari wetu, uwape nyumba zenye mapenzi na huruma, na vivuli hapa duniani na kesho Akhera.

Aamin, yaa Rabbal-aalamiin.